Kalori za Akiba na Kidari cha Shangazi

Naomba niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa watu wanaopenda kuongeza chumvi: ndiyo, ni mimi. Yule mchumba aliyekamatwa na nyama mfukoni kwenye posa yake mwenyewe kule Kibosho, tena mfukoni mwa koti la suti jamani, siyo mfuko wa sokoni, ndiye mimi Fausti fundi simu, na kama umewahi kuniletea simu yako pale mjini ukaniona mtu wa heshima zake na miwani puani, basi hiyo heshima iweke pembeni kidogo, tutaiangalia mwishoni kama itakuwa imebaki.

Mambo yalianzia kwenye mizani. Nilikwenda kliniki kwa sababu ya kichwa kilichokuwa kinaniuma kila jioni, nesi akanipima presha, akanipandisha kwenye mizani, akaiangalia mizani, akaniangalia mimi, akaiangalia tena mizani. "Kaka, kilo tisini na sita kwa urefu huu?" akasema kwa sauti ya chini kama ananipa pole ya msiba. Lakini hakunitisha, yule dada namshukuru mpaka leo, alinikalisha akanieleza kwamba presha haijafika pabaya, cha kufanya nikadirie mwili wangu unahitaji chakula kiasi gani kwa siku halafu nile pungufu ya hapo, kidogo tu, pole pole (alirudia "kidogo tu" nadhani kama mara tatu, na mimi nikaitikia kwa kichwa huku nawaza mambo yangu).

Basi mimi mtu wa simu, nitaanzia wapi kama siyo kwenye simu? Nikapakua programu ya kuhesabu kalori. Inakuuliza umri, urefu, uzito, mwanaume au mwanamke, halafu inakuuliza siku yako inakwendaje, unakaa tu, unatembea kidogo, au unafanya kazi nzito. Nikajibu nakaa tu, maana ndiyo ukweli, kutwa nzima nimeinamia simu za watu na bisibisi ndogo, zoezi langu kubwa ni kunyanyuka kwenda kununua chapati. Ikazunguka zunguka pale ikaniletea jibu: elfu mbili mia mbili na ushee kwa siku. Nikafurahi kana kwamba ni pesa.

Tabu ikawa chakula chenyewe. Programu ile inajua mikate ya kila namna, lakini mapishi yetu ya ndizi haiyajui, mtori haiujui, kiburu haikijui, machalari ndiyo kabisa. Ukiandika ndizi inakuletea picha ya ndizi mbivu ya njano, ukiandika wali maharage inakuuliza gramu ngapi, sasa gramu nitazijulia wapi mimi, mama lishe wetu pale mtaani Pasua anapima kwa upawa na kwa jinsi alivyoamka siku hiyo. Ikabidi niwe nakisia, na kwenye kukisia nilikuwa najipendelea sana (chapati mbili niliwahi kuziandika moja na nusu kwa sababu moja ilikuwa imeungua).

Sasa sikilizeni nilivyoyaelewa mambo, maana hapa ndipo nilipojichimbia kaburi. Kwa akili yangu ya fundi simu, kalori niliziona kama bando la intaneti. Usipolimaliza leo, si linahamia kesho? Nikajiona nina akili kuliko nesi. Posa yangu ilikuwa Jumamosi, nyumbani kwa kina Restituta, na posa ya mlimani kila mtu anajua watu wanakula, tena mchumba wangu Resti (anauza dawa famasi moja mjini, ndiko tulikojuana, nilipeleka cheti cha dawa nikaondoka nimesahau dawa) alishaniambia kwamba kuacha chakula cha mama yake kwenye sahani ni tusi. Nikapiga hesabu. Nikiacha kula kuanzia Ijumaa mchana, na Jumamosi asubuhi nisiguse kitu, zile kalori zote zitakuwa akiba, nitafika ukweni nakula za siku mbili kwa raha zangu na mizani haitajua. Uamuzi mdogo tu, jamani. Kuacha chai tu.

Mama yangu alifika asubuhi kutoka Bomang'ombe amebeba maandazi ya moto, ameamka kuyapika gizani kwa ajili yangu. "Kula mwanangu, leo ni siku ndefu." Nikamwambia nimeshakula. Uongo mtupu. Akaniangalia vile anavyoniangaliaga tangu nikiwa mdogo, akayafunika maandazi yake akayarudisha kwenye kikapu, na mpaka leo nikiyakumbuka roho inaniuma.

Resti alikuwa ameshanipa maelekezo yote. "Wewe hutasema kitu, atasema mjomba wako. Mama yangu usimkodolee macho, wala usile mbele yake, kwetu mkwe na mama mkwe hawali wakitazamana. Na shangazi Apolonia, huyo muogope tu." Shangazi Apolonia ni dada mkubwa wa baba yake, mjane, mrefu, sauti kama kengele ya parokia, na kwenye ukoo wao mbuzi wa posa akichinjwa kidari ni chake. Kinachomwa peke yake, kinawekwa peke yake, na mazungumzo yakiisha analetewa mbele ya watu wote. Akila, ukoo umekubali. Asipokula, chukueni mbege yenu, hiyo pombe ya ndizi mliyoileta, mrudi mlikotoka. Mimi nikacheka, nikamwambia Resti shangazi yako ana kazi nzuri.

Mlimani usiku wa kuamkia siku ile mvua ilikuwa imenyesha, gari tulilokodi likafika mahali likaanza kuserereka, dereva akazima injini akasema hapa ndiyo mwisho wangu. Mjomba Sabasi, msemaji wetu, ana goti bovu. Mama ana vikapu. Dumu kubwa la mbege la kupeleka ukweni nani atalibeba kama siyo mwenye posa? Nikalitupa begani. Yaani ule mlima, ule udongo mwekundu unaong'ang'ania kiatu, ile suti iliyonibana kwapani, na mbege inacheza ndani ya dumu ikinivuta kushoto, inanivuta kulia, huku simu mfukoni inaendelea kuamini kwamba mimi ni mtu wa kukaa tu. Tulipofika uani kwao migomba nilikuwa naiona inatembea.

Tukapokelewa vizuri sana. Sebule ina makochi yenye vitambaa vya kufuma, picha ya Bikira Maria ukutani, wazee wamekaa upande ule, sisi upande huu, shangazi Apolonia katikati kwenye kiti cha peke yake. Kata ya mbege ikazunguka, nikapiga funda moja kubwa kwa heshima (mbege nayo haimo kwenye programu, nikaiweka kundi la uji), na lile funda likateremka tumboni likakuta hamna mtu, likapanda kichwani moja kwa moja.

Mjomba Sabasi akaanza. Jamani, mjomba wangu anaongea! Alianza na hali ya hewa, akaingia kwenye kahawa, akaenda kwa marehemu babu yangu, akarudi, akasema tulikuwa tunapita tukaona ua. Baba yake Resti naye akajibu kwamba maua yapo mengi, mnasemea lipi. Wakacheka. Wakaanza upya. Na wakati wote huo dirishani inaingia harufu ya mbuzi wa kuchoma na machalari yanayochemka, jasho la baridi linanitoka mgongoni, maneno ya mjomba nayasikia kama redio ya jirani. Nikanong'ona, "Samahani wazee, natoka nje kidogo."

Nia yangu ilikuwa choo, naapa. Choo kiko nyuma, unapita jiko. Jikoni akina mama walikuwa wameinamia masufuria, na pembeni, juu ya meza chini ya paa, kulikuwa na jani la mgomba, na juu ya jani kipande cha nyama ya kuchoma kinachong'aa mafuta, chenye mbavu zake, peke yake, hamna mtu. Najua mnachotaka kusema. Kinachomwa peke yake, kinawekwa peke yake, niliambiwa! Lakini mtu mwenye njaa ile hana kumbukumbu, ana pua tu. Nilijiambia hiki ni cha wapishi kuonjea chumvi, nionje kidogo na mimi. Nikanyofoa. Nikanyofoa tena. Sikumbuki kutafuna, nakumbuka tu kwamba machozi yalikuwa yananitoka kwa utamu, halafu nikasikia sauti za akina mama wanakuja, mkononi nina ubavu wenye nyama bado, juu ya jani kimebaki kipande kama kidole gumba.

Mtu mwenye akili angeuacha ule ubavu. Mimi nikautia mfukoni mwa koti.

Nikarudi sebuleni, nikakaa, nikafuta mdomo kwa kitambaa cha kochi (mama mkwe, nisamehe na hilo). Sijakaa sawasawa, mbwa wao akaingia. Mbwa mkubwa mwekundu, ambaye baadaye niliambiwa haingiagi ndani tangu azaliwe. Akapita miguuni mwa wazee wote bila kuwajali, akaja kwangu, akaweka pua mfukoni. Nikamsukuma kwa goti huku natabasamu. Akarudi. Mjomba Sabasi alikuwa anasema, "kijana wetu ni mtu mtulivu, hana makuu," mbwa akauma mfuko wa koti langu akauvuta, suti ikalia chwaaa, na ubavu wa mbuzi ukadondoka katikati ya sebule mbele ya kiti cha shangazi Apolonia.

Hotuba ya mjomba ikakatikia hapo hapo. 

Shangazi akauangalia ule ubavu muda mrefu. Kisha akaniangalia. "Hicho," akasema, "si kidari changu hicho?"

Nikasimama niombe msamaha, na kwa vile nilisimama haraka, hapo ndipo taa zilipozimika. Niliambiwa nilianguka kama gunia la mahindi, miguu kwenye stuli ya mbege, kichwa kwenye viatu vya baba mkwe. Ninachokumbuka ni kufungua macho niko sakafuni nimelowa mbege, na sauti ya shangazi juu yangu inasema neno lililonichoma kuliko aibu yote: "Mtu hajimudu kula mwenyewe, binti yetu atamlisha nini?" Nikageuza kichwa nikamwona Resti mlangoni amejishika mdomo, analia. Nikajua nimempoteza. Miaka miwili ya kumngoja nje ya famasi, nimeiuza kwa ubavu wa mbuzi.

Mama yangu kajifunika uso kwa kanga, mjomba Sabasi msemaji mzima anaangalia dari. Ndipo akaingia mama yake Resti.

Kumbukeni nilivyowaambia, mama mkwe na mkwe hawatazamani wakila, siku ile alikuwa hata sebuleni hajakanyaga. Akaja na bakuli la mtori linafuka moshi, akapita katikati ya wazee, akakaa chini sakafuni kwenye mbege iliyomwagika na gauni lake la kanisani, akaniinua kichwa akakiegemeza begani kwake. Mzee mmoja akakohoa, "Mama Resti, heshima jamani..."

"Heshima tutaianza kesho," akasema bila kugeuka. "Leo huyu ni mgonjwa. Baba, fumbua mdomo."

Nikafumbua mdomo. Mwanaume mzima wa miaka thelathini na tatu nalishwa mtori kwa kijiko mbele ya ukoo mzima, na kwa kila kijiko nilikuwa narudi duniani, watu wanarudi kuwa watu. Nililia, sifichi. Mama yule alikuwa ananifuta mdomo kwa kiganja chake kana kwamba alinizaa.

"Hujala tangu lini?" shangazi akauliza.

"Tangu jana mchana, shangazi."

"Kwenu hakuna chakula?"

"Kipo!" Mama yangu akafunua uso kwa hasira. "Nimekuja na maandazi ya moto, kaniambia ameshakula!" Na kwa kuthibitisha akayatoa kwenye kikapu, akawaonyesha.

Ikabidi nieleze. Nikiwa sakafuni, nimelowa, mfuko umechanika, nikaanza kuwaeleza wazee wa Kibosho habari za kalori, elfu mbili mia mbili na ushee, na jinsi nilivyoziwekea akiba kwa ajili ya siku yao. Baba mkwe akasema, "Hizo kalori unazihifadhi wapi?"  Resti ndiye aliyejibu pale mlangoni, analia na kucheka kwa pamoja. "Baba, haziwekwi. Mwili unazitumia saa zote, hata ukilala, moyo unapiga, unapumua, damu inazunguka. Mtu wa uzito wake akikaa kitandani kutwa bila kunyanyua kidole anatumia karibu elfu moja mia tisa. Na huyu hakukaa, Fausti wewe, umebeba dumu mlima mzima! Anayekaa tu ni nani?"

"Alilibeba peke yake," mama yake akadakia. "Nilimwona dirishani tangu kule chini. Nikasema huyu mtoto anapepesuka, au amelewa? Kumbe njaa."

 Shangazi Apolonia akageuza ile kata ya mbege mkononi. Halafu akauliza taratibu, "Kwa hiyo alijinyima kwao ili aje ale kwetu?"

"Ndiyo, shangazi."

"Basi ni mjinga." Akatikisa kichwa. "Lakini ujinga wake ameuleta kwa heshima. Kidari changu kimebaki kiasi gani?"

Wakakimbia jikoni, wakaleta jani. Juu yake kile kipande kama kidole gumba, kimepoa, kimejikunja. Sebule nzima ikakitazama. Angeweza kusema hiki siyo kidari, na angekuwa na haki, na hakuna mzee hata mmoja ambaye angembishia. Akakichukua kwa vidole viwili, akakitia mdomoni, akatafuna, akatafuna kama vile ni mguu mzima, akameza.

"Nimekula," akasema.

Vigelegele vilivyopigwa nadhani vilifika Moshi mjini. Mama yangu alikumbatiana na mama mkwe hapo hapo kwenye mbege, mjomba Sabasi akapata sauti yake tena akataka kuendelea na hotuba, wakamzuia. Tukala maandazi ya mama yangu pamoja na machalari, wakanihamishia chumba cha pili nikala kwa adabu nikiwa peke yangu, sahani ya pili, ya tatu, na sikuandika kitu chochote kwenye simu.

Programu bado ninayo, msidhani nimeitupa. Nilirudi kwa yule nesi nikamsimulia, akacheka mpaka akakaa, akanirudisha pale pale: nile pungufu kidogo tu, kila siku, na chai ya asubuhi haiachwi. Sasa nakwenda kazini kwa miguu kutoka Pasua, kwenye swali la siku yangu nimejibu natembea kidogo, kilo zimeanza kushuka bila ya mimi kuanguka mahali. Mama mkwe kila akiteremka soko la mjini ananiachia ndizi za mtori kwa Resti, heshima tumeirudia, hatutazamani machoni, lakini nikimwona mgongo wake unaondoka na kikapu huwa nasimama kwanza mpaka apotee. Sijui nitamlipa nini yule mama. Kuhusu kukaa na njaa kwa kujifanya naweka akiba, nimeapa mbele ya mama yangu na maandazi yake: sitarudia.

Harusi ilikuwa baada ya Pasaka. Ulipofika wakati wa shangazi kupewa nyama yake, mpishi alikuja na kidari kizima juu ya jani bichi, na ukumbi mzima ukaanza kucheka kabla hakijafika mezani maana habari zilishasambaa mpaka kwa mpiga picha. Nikaangalia chini nikitafuta pa kujificha. Shangazi Apolonia akasimama na kile kidari, hakukila, akavuka ukumbi kwa hatua zake ndefu mpaka kwenye meza yetu, akakikata katikati, akaninyooshea nusu ile iliyo kubwa.

"Kula wewe kwanza," akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo, ya mimi na Resti tu. "Mlima ule ulipanda kwa ajili yetu."

Kichagga changu ni cha kuungaunga, mtoto wa Pasua mimi, lakini neno moja la kushukuru ninalijua. Nikapokea kwa mikono miwili. "Aika, shangazi," nikamwambia, nikala pale pale, mbele ya watu wote.